Kiwanja Namba Saba

Barua ilifika mwezi wa tatu, theluji bado ikitufika magotini.
Ilisema: karibuni. Nchi ishirini na sita zimekwisha kuingia,
nyinyi mtakuwa wa ishirini na saba.
Ada hakuna. Mshahara hakuna.
Kinachotakiwa ni viwanja kumi vya majani, mita kwa mita,
vitano wazi, vitano chini ya vipaa vya mifereji
vinavyozuia nusu ya mvua,
na uaminifu.

Nililicheka neno la mwisho.
Shule ya Naryn haijawahi kunilipa kwa sababu yake.

Kaka yangu Tologon akauliza: Kuzuia mvua?
Sisi tunaoililia kila mwaka,
leo tuijengee kizuizi kwa mikono yetu?
Nikamwambia: ukame mkubwa uko njiani, nao haupigi hodi.
Hawa watu wanataka kuijua sura yake kabla haujaingia.
Akanyamaza.
Akatwaa nyundo.

Mwongozo una kurasa arobaini na moja.
Kata majani usawa wa ardhi.
Tenga mabichi na makavu, kwa vidole, jani moja moja,
kisha uyakaushe kwa nyuzi sitini, saa arobaini na nane.
Tanuri la maabara hatuna.
Tuna la udongo, la mama mkwe, lenye harufu ya mikate ya miaka thelathini.
Burulcha akaingiza mkono, akahesabu kimoyomoyo,
akautoa, akasema: Sitini hii.
Kipimajoto kikasema hamsini na tisa.
Akakitazama kama mtu anayemsamehe mtoto.

Halafu Agosti.
Kondoo kumi na mmoja wa Shergazy walipita chini ya waya
wakaacha viwanja tisa, wakala cha saba,
wakakila mpaka udongo ukabaki uchi.

Usiku nikakaa na jedwali mbele yangu.
Namba sita: gramu mia na kumi na mbili.
Namba nane: mia na tano.
Mia na nane ingekaa vizuri pale katikati,
kama mtoto aliyelala kati ya wazazi wake.
Nani angejua? Kondoo hawatoi ushahidi.
Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofunzwa,
lakini usiku ule niliiona ndefu, nyeupe, imenyooka
hadi kwenye makala yenye jina langu, Aizirek,
katikati ya majina mia.
Chai ikapoa. Mbwa akabweka, akaacha.
Nikaandika: *Hakuna. Kimeliwa.*
Nikatuma kabla mkono haujabadili nia.

Siku tatu nilingoja kufukuzwa.

Ingunn alijibu kutoka Tromsø:
Ahsante. Chako ni cha kumi na tisa mwaka huu.
Kule Patagonia walikula lama, Australia kangaruu,
na wangu mimi, mbele ya macho yangu,
nikiwa na kalamu mdomoni,
alikula kulungu wa theluji.
Tumeongeza safu mpya kwenye jedwali. Inaitwa *Aliyekula*.
Tafadhali, jaza.

Nikajaza: kondoo, kumi na mmoja, wa Shergazy.
Nilipompa habari alivua kofia.
Jina langu linasomwa Norway?
Kesho yake alikuja na waya wake mwenyewe
akaziba ua wote, bila kuulizwa,
na kondoo wake wakitutazama kutoka kilimani.

Jana imenyesha.
Nusu iliingia ardhini, nusu ikateleza juu ya mifereji
ikamwagika nje ya mpaka, kama mwongozo unavyotaka.
Tologon ameshaweka ndoo pale.
Ndama anakunywa ukame wetu, anapiga mkia.
Kurasa arobaini na moja, hazisemi kitu kuhusu ndoo.
Nimemwandikia Ingunn kumuuliza.